Baiskeli ya Umeme ya Mwakio

Tangu nivue aproni na kumwachia Wakesho karakana yetu ya Kaloleni, hapa Voi, mafundi wake wachanga hawanipi pumzi. Mmoja huja kuniuliza namna ya kusuka spoku za gurudumu lenye mota. Mwingine hutaka kisa cha baiskeli ya Mwakio, ambacho kila anayekisimulia pale karakana hukitia chumvi yake. Nimeona afadhali niyaandike mara moja, kuliko kuyarudia kila jioni huku chai yangu inapoa.

Nilianza kazi kwa Mzee Mutua, Mkamba aliyekuwa na kibanda cha baiskeli karibu na njia ya reli. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa shati safi, nikidhani nitakabidhiwa spana. Nilikabidhiwa beseni la maji na tiubu yenye matundu. Voi ni mji wa miba. Mwiba wa mgunga hutoboa tairi, ukakatika, ncha yake ikabaki ndani ikisubiri tiubu mpya. Mimi hayo sikuyajua. Nikaziba tundu vizuri, nikarudisha tairi, nikapiga pampu kwa majivuno, na kabla mteja hajafika barabarani tairi lilikuwa limelala. Mzee Mutua hakunigombeza. Alipitisha kidole ndani ya tairi, akachomoa ncha ya mwiba, akaniwekea kiganjani.

"Tundu ya kwanza ni ya mwiba," akasema. "Ya pili ni ya fundi."

Mpaka leo siwezi kufunga tairi bila kulipapasa ndani kwanza, na vidole vyangu vina makovu ya kuthibitisha.

Kunyoosha gurudumu kulinitesa zaidi. Nilikuwa kijana wa pupa, nakaza spoku moja mpaka inalia, gurudumu linanyooka hapa na kupinda kule. Mzee alininyang'anya ufunguo wa spoku. "Salimu, gurudumu haina hasira. Hasira ni yako." Akanionyesha: kaza kidogo, zungusha, tazama, kaza tena upande wa pili, na ukiona damu imepanda, weka chini ukanywe maji. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyowahi kumwambia. Alipofariki, watoto wake walinipa ufunguo wake, pembe zimelika kwa kazi, na ndio nilioutumia miaka yote iliyofuata.

Enzi zile baiskeli ndiyo iliyoupa mji maji, mkaa, maziwa na mikate. Halafu zikaingia pikipiki, na wateja wangu wakaanza kunipungia mkono wakipita badala ya kusimama. Hapo ndipo Wakesho alipopanga chumba cha jirani. Alikuwa binti wa Kitaita, ametoka chuo cha ufundi, anatengeneza simu na sola. Yeye alikuwa na kazi nyingi na hana nafasi. Mimi nilikuwa na nafasi na sina kazi. Tukabomoa ukuta wa mabati uliotutenga, na hiyo ndiyo sherehe pekee ya kuanzisha kampuni niliyowahi kuhudhuria.

Mota ya kwanza ililetwa na mwenye duka mmoja wa hapa mjini, aliyeinunua Mombasa bila baiskeli yake. Alitaka tumwundie kitu cha kumpeleka msikitini alfajiri bila kutoa jasho. Ilikuwa mota kubwa, isiyo na gia ndani, nzito kama jiwe la kusagia. Hukaa katikati ya gurudumu la nyuma, mahali pa habu. Kwa baiskeli ya kawaida ekseli haina kazi kubwa ila kushikilia. Kwa mota hii ekseli ndiyo inayopigana na gurudumu: gurudumu likisukumwa mbele, ekseli husukumwa nyuma, na isiposhikwa barabara huzunguka yenyewe. Haya nayaandika leo kwa utulivu. Siku ile nilikaza nati kwa nguvu zangu zote, nikapanda, nikavuta aksileta. Ekseli ikapanua uma wa fremu, ikazinyonga waya zake, gurudumu likachomoka. Baiskeli ikabaki pale pale, mimi nikaendelea na safari.

Wakesho alikuja mbio. Alipoona nimekaa kitako nikijihesabu viungo, aliinama akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee, pole! Pole sana! Lakini hiyo mota iko na nguvu, eeh?"

Kutoka siku ile tukawa tunachonga mkono wa chuma kwa kila baiskeli: bapa nene lenye tundu la kuibana ekseli, na ncha ya pili tunaifunga kwenye fremu. Pande zote mbili, si upande mmoja. Nawaona siku hizi mnataka kununua vya dukani. Nunueni, lakini pimeni. Kama bapa linacheza hata unywele kwenye ekseli, litupe, chukua tupa uchonge lako. Pia tulijifunza kutumia fremu za zamani, zile nyeusi nzito za kubebea mitungi, maana fremu nyepesi hupendeza machoni tu. Na waya ukitoka kwenye ekseli lazima uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda juu, ili maji ya mvua yadondoke yasitiririke mpaka ndani ya mota. Hilo alilijua Wakesho. Mimi nilijua spoku. Kila mmoja alimwona mwenzake mchawi.

Baada ya hapo ndipo Mwakio alipokuja.

Mwakio tulijuana tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Yeye na mkewe, Mama Saru, wana shamba la kabeji juu milimani, karibu na Wundanyi. Kwa miaka mingi aliteremsha kabeji kwa baiskeli hadi soko la Mwatate, magunia mawili nyuma, kisha akaisukuma baiskeli tupu kurudi juu. Ni kazi ya kuua. Lakini ndiyo iliyowafanya wauze wenyewe. Mkulima asiyeweza kushusha mzigo wake huletewa dalali mlangoni, na dalali hutaja bei huku akiangalia saa, anajua kabeji haziwezi kusubiri. Sasa magoti ya Mwakio yalikuwa yamekataa. Alikuja karakana akichechemea, akaketi kwenye debe, akaniambia kwa sauti ya chini ili Wakesho asisikie.

"Salimu, nimeanza kuuzia dalali. Mama Saru haniambii kitu, lakini siku hizi akipika hata haimbi. Niundie kitu inaweza kupanda huo mlima. Mimi bila hiyo barabara ni mtu wa kukaa tu."

Tuliiunda kwa mapenzi yote. Gurudumu la nyuma nililisuka kwa spoku nene, nikalinyoosha mpaka likazunguka bila kuyumba. Wakesho alifunga betri kubwa ndani ya sanduku la bati chini ya fremu. Uzuri wa mota ile isiyo na gia ni kuwa inafanya kazi kotekote. Ukipanda, inakula umeme. Ukiteremka ukabonyeza breki, inageuka jenereta: inalivuta gurudumu nyuma na kuurudisha umeme kwenye betri. Kwa mtu wa mlimani hiyo ni neema maradufu, maana mlima wenyewe unamlipa. Breki za raba tukaziacha mbele na nyuma kama akiba. Tuliijaribu Voi, tukaijaribu Mwatate, ikashika vizuri mno. Mwakio aliondoka nayo akipiga kengele bila sababu.

Wiki za mwanzo zilikuwa za raha. Alipiga simu kila siku ya soko kuniambia amewapita nani mlimani. Kisha siku moja simu ikapigwa na jirani yake. Mwakio ameanguka. Breki ya mota ilimwacha katikati ya mteremko, akiwa na magunia mawili mgongoni mwa baiskeli. Alibana breki za raba mpaka zikatoa moshi. Alipoona kona inakuja na ng'ambo yake ni korongo, alijitupa kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Mfupa wa mtulinga ulivunjika. Kabeji ziliendelea peke yake hadi chini.

Baiskeli ililetwa kwetu. Mimi na Wakesho tuliifungua yote. Mota nzima, waya nzima, kontrola ya kuongoza umeme nzima. Tukabadilisha ringi iliyopinda, tukaipeleka barabarani. Breki ya mota ikashika. Tukaipakia mchanga, ikashika. Tukaipeleka Mwatate, ikashika. Hakuna kitu kinachomtia fundi wazimu kama chombo kizima kilichotaka kuua mtu. Laiti tungepata waya mmoja umekatika, ningeubusu.

Nilikwenda kumwona Mwakio. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba, mkono umefungwa shingoni, ameigeuzia barabara mgongo. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Tulizungumza habari za mvua, za watoto, za tembo waliovunja ua wa mtu kule bondeni. Baiskeli hakuitaja hata mara moja. Nilipoaga alisema, "Dalali amekuja jana. Si mtu mbaya." Nilimjua Mwakio miaka yote ile, na sikuwahi kumsikia akimsifu dalali. Nilirudi Voi nimeinamisha kichwa, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ndivyo tulivyofundishwa. Wakesho ndiye aliyesema kwamba tunaiuliza baiskeli maswali wakati mwenye majibu yuko mlimani. Akapanda juu mwenyewe, akaketi na Mwakio, akamwomba amsimulie asubuhi ile tangu alipoamka. Si mteremko, si kona, tangu alipoamka. Mwakio akamsimulia. Aliamka, akanawa, akatazama chaja. Wiki zilizotangulia stima ilikuwa ikikatika kila usiku, na yeye alikuwa akitoka na betri ya nusu na manung'uniko kamili. Usiku ule stima haikukatika. Taa ya chaja ilikuwa kijani. Kwa furaha akaiacha chaja mpaka alipomaliza chai, ili betri ishibe kabisa. Kisha akapakia mzigo, akafungua lango, na lango lao limeelekea mteremkoni.

Wakesho alinipigia simu pale pale.

"Mzee, nimeipata. Betri ilikuwa imejaa."

"Si ndivyo tulivyomwambia? Ajaze kabla ya kutoka?"

"Ndiyo hiyo shida. Ukibonyeza breki, mota inarudisha umeme kwa betri. Betri ikiwa imejaa hiyo umeme inaenda wapi? Betri inajifunga isiharibike. Ikijifunga, breki inaisha. Ni kama kumimina maji kwa jerikeni iko pomoni."

Sisi ni watu wa bondeni. Mtu wa Voi akijaza betri, huanza kwa kuitumia. Hata akielekea milimani, kabla hajafika kwenye mteremko wowote betri imeshapata nafasi. Ndiyo maana majaribio yetu yote yalifaulu. Mtu anayekaa juu hujaza betri, kisha jambo la kwanza analofanya ni kushuka. Wenye kuandika vijitabu vya mota hizi nao lazima wanakaa tambarare. Kwa hiyo mkimwundia mteja baiskeli, kabla ya kumpima urefu wa mguu, muulizeni anakaa juu au chini. Anayekaa juu asijaze. Betri yake itashiba njiani.

Wakesho aliirekebisha chaja ikate mapema, betri ikiwa bado na nafasi. Mimi nikaondoa breki za raba nikafunga za diski, mbele na nyuma, maana breki ya akiba inayotoa moshi si akiba. Baiskeli ikawa tayari. Mtu ndiye hakuwa tayari. Nilimweleza Mwakio kwa simu kila kitu, taratibu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimeelewa, Salimu. Ahsante. Mpatie mtu mwingine." Akakata.

Siku chache baadaye Mama Saru akatokea karakana. Ni mama wa mwili na wa maneno, na alipojaa mlangoni mwanga ulipungua. Nilisimama nikifuta kwa tambara mikono ambayo haikuwa na haja ya kufutwa.

"Kwawuka mana, fundi," alinisalimu kwa Kidawida, lugha ya Wataita, nami nikamwitikia kadiri nilivyoweza. "Kaa chini. Mimi sikuja kugombana. Ningekuja kugombana ningekuja na dada zangu."

Nikaketi.

"Bwana yangu amekuwa mtu wa kukaa akiangalia ukuta. Magoti ilimuuma miaka kumi na hakuwa hivyo. Sasa nataka kujua kitu moja. Hiyo baiskeli imepona?"

"Imepona, Mama Saru."

"Uko na hakika?"

"Nina hakika."

"Sawa. Basi siku ya soko utakuja juu, utaishusha wewe mwenyewe, na mzigo yake."

"Magunia mawili?"

"Magunia ya nini? Gunia ikianguka italia nani? Mzigo ni mimi."

Wakesho alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Nilijaribu kueleza kwamba umri wangu umeenda, kwamba si vizuri mke wa mtu kubebwa na mume wa mtu, kwamba tungeweza kupakia mchanga. Alinitazama kama mtu anayesubiri mvua ipite. Usiku huo nilimweleza mke wangu, nikitumaini atanikataza. Aliendelea kukunja nguo. "Nenda," akasema. "Uliunda mwenyewe. Ila mkianguka muanguke vizuri, nisije nikaanza kuulizwa na watu mlikuwa mnaenda wapi."

Siku ya soko Wakesho alinipandisha mimi na baiskeli kwa pikapu ya kaka yake. Mwakio alikuwa amekwenda kliniki kuangaliwa mtulinga, na Mama Saru ndivyo alivyopanga. Kabeji zikapakiwa kwenye pikapu. Mama Saru akakunja gunia juu ya keria, akajifunga leso kiunoni, akaketi upande, akaishika fremu ya kiti changu kwa mikono miwili. Springi zikalia. Nikasoma dua zote nilizozijua na moja niliyokuwa nimeisahau.

Tukaondoka. Barabara ile huanza upole, kisha huinamisha kichwa ghafla, na unaona Mwatate chini kabisa, mashamba ya mkonge yamepangwa safu safu, na unatamani ungekuwa huko tayari. Nikabonyeza breki ya mota. Nikasikia gurudumu la nyuma likivuma, likatushika, polepole, kwa heshima. Kona ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Nilisikia pumzi za Mama Saru nyuma ya shingo yangu. Jasho lilinitoka na upepo ulikuwa baridi. Kisha tukaifikia kona moja, na kwenye ukingo wa udongo palikuwa na alama, udongo umechimbika na nyasi zimeanza kuota upya.

"Hapa," akasema.

Mwili wangu wote ulitaka kushuka na kutembea. Nikabonyeza. Mota ikavuma, ikatushika, tukaizunguka kona ile taratibu kama watu wanaokwenda arusini. Mgongoni nikahisi kitu kinanigusa. Ni paji lake la uso, ameliegemeza, na alikuwa analia bila sauti. Nikaendelea kutazama barabara. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa yangu.

Tulipofika Mwatate nilibaki nimeegemea baiskeli nikijifanya naikagua. Mama Saru alishuka, akajipangusa uso kwa ncha ya leso, akaifunga upya, akatoa simu.

"Baba Saru, ukitoka kliniki usipande nyumbani. Baiskeli yako iko hapa sokoni. Njoo uichukue." Akaulizwa kitu. "Ndiyo, imeshuka na mzigo." Akaulizwa tena. "We njoo."

Mwakio aliletwa na pikipiki. Mkono ulikuwa umefunguliwa siku hiyo hiyo, bado aliubeba kama yai. Aliitazama baiskeli. Akanitazama mimi nilivyolowa jasho. Akamtazama mkewe, leso imekunjamana na vumbi la njia nzima kwenye nywele.

"Nani ameishusha?"

"Mimi," akasema Mama Saru.

"Na Salimu?"

"Salimu alikuwa ananishikia usukani."

Mwakio alianza kucheka, na kucheka kukamuuma mtulinga, akaushika huku anacheka, na wenye vibanda wakaanza kucheka wasijue wanacheka nini. Alipotulia hakuuliza habari za mota wala chaja. Alipanda. Akaijaribu breki mara moja papo hapo, akashika njia ya mlimani, polepole kwanza, kisha nikasikia mota ikichukua mzigo. Mama Saru alisimama katikati ya kabeji zake akimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Mwanamke mmoja alimuuliza bei mara mbili asisikie. Halafu akaanza kuimba kidogo kidogo, kwa Kidawida, huku anapanga kabeji.

"Fundi," akaniita, "chagua moja."

Nikachukua ndogo. Akaninyang'anya, akairudisha, akanipa ile kubwa kuliko zote, na akakataa kunipa mfuko. Nilipita nayo stendi nzima ya Mwatate nikiwa nimeikumbatia kifuani, na kila aliyeniuliza nimeipata wapi, nilimweleza tangu mwanzo.